Kurasa za memori kwenye kerneli ya Linux: kiraka kidogo au kuandika upya?

Mkwaju: Dirty COW, tundu la usalama la 2016 kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, ilizibwa kwa kiraka, yaani marekebisho ya mistari michache tu ya kodi. 2017 ikazuka nyingine palepale. Kwa nini sehemu ile isiandikwe upya kabisa?

Seva_Bara: Kiraka kidogo unakisoma chote na unaweza kukipeleka hadi kwenye kerneli za zamani. Wanaopigia debe kuandika upya hawajawahi kutunza seva yenye watu ndani.

Nahodha: Mkuu, hayo ya seva yameingiaje? Tazama kodi. Programu inafungua faili la kusoma tu, inaliweka kwenye memori kwa mmap ya faragha, yaani ikiandika, inaandika kwenye nakala yake tu. Uzi mmoja (thread) wa programu hiyo unaandika kupitia /proc/self/mem, faili linalowakilisha memori yake yenyewe. Kerneli inanakili ukurasa, inaondoa alama ya FOLL_WRITE (ombi la kuandika), inajaribu tena. Katikati hapo uzi wa pili unaita madvise kwa MADV_DONTNEED, yaani unaiambia kerneli kurasa hizo hazihitajiki tena, nakala inatupwa. Jaribio jipya halidai tena ruhusa ya kuandika, kwa hiyo linapewa ukurasa wa faili lenyewe. Mtumiaji wa kawaida tayari kaandika kwenye faili la root, msimamizi mkuu! Huo ni mpangilio mbovu, kiraka hakiutibu.

Seva_Bara: Sijakutukana, kaka. Kilitibu: FOLL_WRITE haiondolewi tena, inaongezwa FOLL_COW (alama kwamba nakala imeshafanywa), na ukurasa lazima uwe na alama ya uchafu (dirty, yaani umeshaandikwa). Linus Torvalds, muumba wa Linux, mwenyewe alisema aliwahi kuiziba miaka 11 kabla, ikatenguliwa kwa ajili ya mashine za s390 za IBM. Tundu limekuwepo tangu kerneli toleo 2.6.32.

Zuhura_C: Hapana, ni 2.6.22, ya 2007. Na hiyo alama ya uchafu unayoisifu ndiyo iliyoleta ya 2017. Kwenye kurasa kubwa za MB 2, kodi iliweza kuweka alama hiyo hata pasipo ombi la kuandika, ukaguzi ukadanganyika. FOLL_COW yenyewe iliondolewa 2022. Sasa kerneli inauliza kama ukurasa ni wa mchakato huo peke yake. Hapo ndipo kuandika upya kulipofaa.

Seva_Bara: Kazi hiyo utaipelekaje kwenye kerneli za zamani kama 3.10, dada? Watu bado wanazitumia.

Tumbatu: Mnabishana bure, apt upgrade (amri ya kusasisha vifurushi) inamaliza.

Zuhura_C: Haimalizi. Kerneli mpya inakaa kwenye diski, inayofanya kazi ni ile ya zamani hadi uwashe mashine upya.

Tumbatu: Basi uname -r, amri ya kuonyesha toleo la kerneli inayofanya kazi, itaniambia.

Seva_Bara: Itakuambia namba tu. Wasambazaji wa Linux wanarudisha viraka kwenye kerneli za zamani bila kuhamia toleo jipya, kwa hiyo 3.10 moja imezibwa na nyingine iko wazi. Kwenye mifumo ya vifurushi vya RPM, kama Red Hat, andika rpm -q --changelog kernel, utafute CVE-2016-5195, namba ya Dirty COW, kisha uhakikishe kifurushi hicho ndicho kilichowashwa.

Mkwaju: Na walio kwenye kontena?

Nahodha: Kontena za kawaida zinatumia kerneli ya mashine mama. Sasisha imeji ya kontena mara kumi, tundu liko palepale.