Naomba ushauri: kuwafundisha wanafunzi picha za atomu za platini

Assalamu alaikum. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Malindi, na ninaandaa somo kuhusu chembe za platini zinazosafisha moshi wa magari, chembe zenye upana wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambamo atomu jirani zimeachana kwa takriban nanomita 0.28. Katika picha za hadubini ya elektroni, inayotumia miale ya elektroni badala ya mwanga, kila nukta kwa kawaida ni safu ya atomu zilizopangana, si atomu moja. Linalonitatiza zaidi ni kwamba miale ya elektroni yenyewe inaweza kuzisogeza atomu za kwenye uso wa chembe, ilhali ikipunguzwa picha hujaa chengachenga. Je, wataalamu hutofautishaje msogeo unaosababishwa na gesi inayoizunguka chembe na ule unaoletwa na miale? Ningependa kuwaeleza kidato cha nne bila kuwapotosha.