Tupeane uzoefu: Lililokukuta kwenye sheria ya kuotea, na ungependa iweje

Straika Mstaafu

Wadau, habari za wakati huu. Kila mechi kubwa ikiisha tunabishania mistari ya kompyuta inayochorwa kwenye video kuonyesha nani ameotea, yaani nani alitangulia walinzi kuelekea goli wakati pasi inapigwa, lakini humu ndani wapo waliocheza, waliochezesha na waliofundisha. Naomba kila mmoja alete lililomkuta yeye mwenyewe, halafu aseme sheria ya kuotea angependa iweje.

Naanza mimi. Mwaka 1989, fainali, hatujafungana, dakika zimebaki chache. Winga wetu anainua kichwa, mimi nimesimama bega kwa bega na beki wao wa mwisho. Mpira unapigwa, nachomoka, nafunga. Kibendera juu. Tukafungwa kwa penalti. Mechi ilipoisha nilimfuata mshika kibendera nikiwa nalia, akaniambia kwa upole, "Kijana, ulikuwa sawa naye, na aliye sawa ameotea." Nilimwekea kinyongo miaka mingi. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba sheria ilikuwa hivyo kweli: hadi mwaka 1990 aliyelingana na mlinzi wa pili kutoka mwisho alihesabiwa ameotea. Mwaka mmoja baada ya fainali yetu wakabadilisha, bao kama lile likawa halali.

Kwa hiyo mimi naunga mkono pendekezo la Arsène Wenger, aliyekuwa kocha wa Arsenal: kama kuna sehemu yoyote ya mwili wa mshambuliaji inayoruhusiwa kufunga ambayo bado imelingana na mlinzi, mchezo uendelee. Aotee yule tu aliyempita mlinzi mwili mzima.

Mshika Kibendera

Pole mkuu. Nimekaa pembeni ya mstari misimu kumi na minne, naomba niwaeleze kazi yenyewe ilivyo. Macho yako yako kwa mlinzi wa pili kutoka mwisho, na mpigaji pasi yuko mbali upande mwingine kabisa. Huwezi kuwatazama wote wawili kwa wakati mmoja. Tulichofundishwa ni kusikiliza: macho kwenye mstari, masikio kwenye mguu unaopiga mpira. Uwanja ukiwa na kelele, sikio halina kazi tena, unabaki kukisia. Ndiyo maana tuliambiwa ukiwa na shaka kibendera kibaki chini.

Siku iliyoniuma ni hii. Kona imepigwa, kipa akatoka akaupangua mpira, akaangukia mbali na goli. Mpira ukarudishwa ndani, mshambuliaji akafunga, na kwenye mstari wa goli alikuwepo beki mmoja. Nikanyanyua. Uwanja mzima ukaniandama: "Beki si yule pale!" Lakini sheria haimtaji beki wala kipa, inahesabu wapinzani wawili wa mwisho. Kipa alishapitwa, kwa hiyo mbele ya mfungaji alibaki mtu mmoja tu. Nilikuwa sahihi na nilisindikizwa kutoka uwanjani. Hadi leo nikisikia mtangazaji anasema "beki wa mwisho" nakumbuka siku ile.

Kipa

Langu ni fupi. Shuti lilipigwa kutoka mbali, mshambuliaji wao alikuwa amesimama mbele yangu, ameotea wazi. Hakuugusa mpira. Niliuona ukiwa tayari umefika mkononi. Bao likakubaliwa, nikaambiwa "hakucheza". Sheria inasema anayeziba macho ya kipa ameingilia mchezo, na mimi sikuona kitu. Msikazane na vidole vya miguu vilivyovuka mstari tu wadau. Hili la nani ameingilia mchezo na nani hakuingilia ndilo linalohitaji maandishi yaliyonyooka zaidi.

Beki Nne

Straika Mstaafu, nakuheshimu, ila hapo kwa Wenger nakupinga.

Nimecheza beki wa kati. Mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao ameotea, si ujanja wa wavivu, ni kazi ya watu wanne wenye akili moja. Mimi ndiye niliyekuwa napiga ukelele wa kupanda. Tulifanya mazoezi ya hatua mbili tu, jioni baada ya jioni: mpira ukirudi nyuma tunapanda, mpigaji akiinamisha kichwa tunasimama. Siku moja beki wa kulia alichelewa hatua moja kwa sababu alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Hatua moja! Tulifungwa, tukashuka daraja.

Mliiona Saudi Arabia dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia 2022? Kipindi cha kwanza Argentina walikataliwa mabao matatu kwa kuotea. Safu ya ulinzi ilikuwa juu kabisa, imeshikana, inacheza na hatari, na Saudi Arabia wakashinda 2-1. Huo ni ujasiri. Sasa mpe mshambuliaji mwili mzima wa kutangulia kama anavyotaka Wenger, nani atathubutu kupanda tena? Mimi nisingethubutu. Ningewarudisha wenzangu kwenye boksi tukae humo, na nyie mnaotaka mabao mtatazama watu kumi wameziba goli.

Jambo hili si geni. Hadi 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Bill McCracken, beki wa Newcastle ya Uingereza, alikuwa gwiji wa kuwategea watu: beki mmoja anapanda, mwenzake anabaki nyuma kama akiba. Wakapunguza watatu kuwa wawili, mabao yakafurika kweli. Mabeki walifanya nini? Arsenal ya kocha Herbert Chapman ikamrudisha kiungo wa kati akawa beki wa tatu. Ukilegeza sheria mbele, makocha wanakaza nyuma.

Kocha wa Watoto

Beki Nne amenikumbusha kitu. Nafundisha watoto wa miaka tisa na kumi. Mmoja aliniuliza, "Kocha, kwani tukicheza bila kuotea kuna ubaya gani?" Sikumjibu, niliwaacha wacheze hivyo kipindi kizima. Dakika tano hazikuisha, kila timu ilikuwa na mtoto amesimama pembeni ya kipa anasubiri. Wenzao wakawa wanabutua mpira kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Katikati hapakuwa na mtu. Msichana mmoja anayejua kupiga pasi kuliko wote alinijia akasema hajagusa mpira. Yule aliyeuliza ndiye aliyeomba turudishe sheria.

Najua hoki ya uwanjani waliiondoa kabisa sheria hii miaka ya 1990 na mchezo wao unaendelea vizuri. Lakini uwanja wa hoki ni mdogo na mpira wao unakimbia chini. Kwetu mguu unaweza kuvusha mpira nusu ya uwanja kwa pigo moja. Mimi nataka ibaki, na nataka mtoto aweze kuielewa bila kuchorewa mistari.

Mchambuzi wa Video

Naomba niseme kuhusu hiyo mistari, maana nimeichora. Nilikuwa nakata video za timu, kocha akaniomba nihakikishe bao letu lililokataliwa. Nikasimamisha picha mpira unapoguswa, nikachora: ameotea. Nikarudi nyuma picha moja: hajaotea. Nikakaa nikapiga hesabu. Kamera inapiga picha 50 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia mita 10 kwa sekunde anasogea sentimita 20 kati ya picha moja na inayofuata. Na picha yenyewe inayoonyesha mguu ukigusa mpira mara ya kwanza, mara nyingi haipo, imeangukia katikati. Nilimwambia kocha ukweli: kwa vifaa nilivyonavyo, jibu sina.

Kwenye Kombe la Dunia 2022 waliweka kamera 12 zinazofuata pointi 29 za mwili wa kila mchezaji, na ndani ya mpira kifaa kinachopima mara 500 kwa sekunde. Hapo muda wa kupigwa mpira unajulikana vizuri zaidi. Lakini Euro 2024 mashine hizo zikalikataa bao la Denmark dhidi ya Ujerumani kwa ncha ya kiatu cha Thomas Delaney. Kipimo kilifanya kazi yake. Mimi nauliza, ncha ile ilimpa faida gani? Sheria ilianzishwa kumzuia mtu kuvizia golini. Naomba uwekwe upana unaojulikana, kama sentimita 10, na ndani yake mshambuliaji asiadhibiwe.

Straika Mstaafu

Mchambuzi, ukiweka sentimita 10 tutaanza kubishania ya kumi na moja. Mstari unahama tu. Hata wa Wenger utahama, nakubali.

Beki Nne, umenitikisa. Sikuwahi kufikiria kwamba wewe ndiye ungerudi nyuma. Bado moyo wangu uko kwa mshambuliaji, ila sasa ningependa ijaribiwe msimu mzima kwanza, tuone mabeki watasimama wapi.

Mshika Kibendera

Mkuu, nimeisoma tena hadithi yako ya fainali. Kama ningekuwa mimi pale mstarini mwaka 1989, ningekinyanyua. Na mechi ikiisha ningekusikiliza, kama alivyofanya mwenzangu.