Utepe wa mkono ni kijani lakini nyayo zimevimba. Ningoje?

Mhudumu_Ganda
Assalam aleikum. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Ganda, Malindi. Kuna mtoto wa miezi 19, utepe wa kupimia unene wa mkono umesoma sentimita 12.8, yaani kijani, rangi ya salama. Uzani umepanda kidogo tangu mwezi uliopita. Lakini nyayo zote mbili zimevimba, nywele zimekuwa nyekundunyekundu na zinang'oka kirahisi, na mtoto amenuna tu, hataki kucheza. Mama ana mimba, na alipoijua tu alimwachisha ziwa. Nyanya yake asema mtoto amebemendwa, ataka dawa ya miti kwanza. Nipime tena baada ya wiki mbili, au nimwandikie rufaa?

Lishe_Malindi
Waaleikum salaam. Usingoje hata siku moja. Miguu yote miwili ikivimba na kubaki kishimo, huo peke yake ni utapiamlo mkali, yaani kwashakoo, utepe useme kijani au usiseme. Uzani umepandishwa na maji, si nyama.

Hakikisha hivi: bonyeza kwa dole gumba juu ya kila mguu, hesabu sekunde 3, achia. Kishimo kikibaki nyayoni tu, andika +. Kikifika kwenye muundi, ++. Mikono na uso vikivimba pia, +++. Kikiwa mguu mmoja, tafuta jeraha au jipu.

Wa + au ++ mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine hutibiwa akiwa nyumbani, kwa pakiti za njugu, yaani chakula cha dawa, kutoka zahanati. Wa +++, au anayekataa chakula, anayetapika kila kitu, mwenye homa, aliyelegea au aliyepoa mwili, alazwe.

Kabla ya safari mnyonyeshe au mpe maji ya sukari: kijiko cha chai cha sukari kilichojaa, kwenye vijiko vya mezani vitatu na nusu vya maji safi, anywe kidogo kidogo. Watoto hawa sukari ya damu huwashuka ghafla. Mfunike kwa khanga mpaka kichwani, maana baridi huwaua haraka. Dawa ya kukojoza usimpe kabisa. Dawa ya kuongeza damu nayo ingoje: siku za mwanzo mwili hauwezi kuyahifadhi madini ya chuma, na vijidudu huyatumia kuzaana.

Mkunga_Pwani
Na nyanya usibishane naye. Jina kwashakoo limetoka kwa Waga, kabila la Ghana. Daktari Cicely Williams ndiye aliyelitia kwenye maandishi ya kitabibu miaka ya 1930, na maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayepata mdogo wake. Waga waliona jambo lile lile analoliona huyo nyanya: mimba imekuja, ziwa limekatwa, mtoto amebaki na uji mtupu. Mwambie, "Nyanya, umeona sawasawa, sasa tumrudishie alichokosa." Mimba haiharibu maziwa. Dawa ya miti aiache, kwa sababu ini la mtoto huyu limejaa mafuta na haliwezi kuisafisha.

Mhudumu_Ganda
Ahsanteni. Nimembonyeza, kishimo kiko mpaka muundi. Tunatoka sasa hivi.

Muuguzi_Amu
Mtayarishe mama kwa jambo moja ambalo huwatorosha wengi: uvimbe ukitoka, uzani utashuka. Hiyo ni dawa kufanya kazi. Asipoambiwa mapema atadhani mtoto anazidi kuisha, na hatarudi.

Pakiti moja ya njugu ina gramu 92 na kalori 500. Ni dawa ya huyu mmoja, ndugu zake wasigawiwe. Ale kidogo kidogo kutwa, na maji safi pembeni, kwani inakausha koo.

Akipona, kinachomrudisha kwenye ugonjwa ni uji mwepesi. Tumbo lake ni dogo, maji hulijaza kabla ya chakula. Inamisha kijiko: uji ukichuruzika kama chai, bado. Dagaa wakavu wasio na chumvi waoshwe mchanga, wakaushwe, wakaangwe bila mafuta, watwangwe na kuchekechwa. Kijiko cha mezani cha unga huo kwa kikombe cha uji, utiwe dakika tano za mwisho. Ukitiwa mwanzoni harufu huzidi na mtoto hukataa. Ongeza tui zito au kijiko cha chai cha mafuta. Robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, mara tatu au nne kwa siku, na katikati embe, ndizi au yai.

Chai ya rangi asipewe kabisa, inazuia chuma cha chakula kuingia mwilini.