Samansi ya Baba Zawadi

Baba Zawadi: Hamjambo wote. Leo kaja kijana wa mahakama akiongozana na mwenyekiti wa mtaa, wameniletea samansi, yaani hati ya kuitwa mahakamani, ya Mahakama ya Wilaya. Yule mzee aliyeniuzia Fuso anadai nimlipe milioni 38. Nimesaini, lakini nguvu zimeniisha kabisa.

Mjomba Hamisi: Umesaini ya nini sasa? Ungekataa! Wangekupata wapi?

Mama Neema: Jamani 😭 polisi walikuwepo? Atalala ndani?

Shangazi Mwanaidi: Nilikuwa jikoni, nimeona sasa hivi. Hamisi, acha kumpotosha mtoto. Ukikataa kusaini, mpeleka samansi anabandika nakala mlangoni kwako, anarudi mahakamani anaapa kwamba ulikataa, na shauri linaendelea kana kwamba umepokea. Nimekaa masjala ya mahakama miaka, nimewaona wajanja wa aina hiyo. Wanakuja kushtuka dalali wa mahakama amesimama uani kukamata mali.

Shangazi Mwanaidi: Mama Neema, hakuna polisi. Ni kesi ya madai. Baba Zawadi, umepokea leo leo? Na karatasi ziko ngapi?

Baba Zawadi: Leo saa nne asubuhi. Kuna samansi yenye muhuri, halafu hati ya madai kurasa tano na mkataba wetu nyuma.

Shangazi Mwanaidi: Andika tarehe ya leo juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu. Kuanzia kesho unahesabu siku 21, Jumamosi na Jumapili zimo. Ndani ya siku hizo utetezi wako wa maandishi uwe umefika mahakamani. Hilo ndilo la kukunyima usingizi, siyo hakimu wala wakili wa yule mzee.

Mjomba Hamisi: Si ataenda tu siku ya kesi ajieleze? Mdomo anao.

Shangazi Mwanaidi: Ndipo wengi wanapozama hapo. Anakuja siku ya kesi amevaa suti, ana hadithi nzuri, hakimu anafungua jalada, hakuna utetezi. Mdai anaomba kesi isikilizwe upande mmoja, yaani wake tu. Suti inarudi nyumbani. Kuomba muda zaidi kunawezekana ukiwa na sababu ya maana, lakini unaongezwa siku 10 tu, na hakuna mwenye haki ya kuzipata kwa lazima. Usizitegemee.

Baba Zawadi: Shangazi, kusema ukweli bado ananidai. Tulikubaliana milioni 52, nimelipa 20, mengi kwa simu. Yeye ameandika nimelipa 14. Na giaboksi ilikufa wiki ya pili, nimetengeneza kwa milioni 5 zangu.

Shangazi Mwanaidi: Hayo yote unaniambia mimi kwenye simu. Je, yataingia kwenye utetezi?

Shangazi Mwanaidi: Hati ya madai ina aya zenye namba. Unajibu aya kwa aya. Aya ya kununua gari unaikubali, usibishane na kilicho wazi. Aya ya milioni 14 unaikana waziwazi, unasema ulilipa 20, tarehe hizi na hizi. Jambo usilolikana linahesabika umelikubali. Kuandika "nakataa madai yote" ukaacha hapo ni kama kutomjibu. Halafu giaboksi: kama unataka hizo milioni 5 zirudi, unaweka madai kinzani, yaani na wewe unamdai yeye, humo humo kwenye utetezi. Yana ada yake, utapewa kontrol namba ya kulipia.

Da Rehema: Nimetoka kazini ndio nasoma. Pole kaka. Meseji za malipo usifute hata moja! Nenda ofisi ya mtandao wako au benki uombe taarifa ya miamala yenye muhuri. Meseji kwenye simu zinakubalika kama ushahidi ila utaulizwa zimetokaje na simu ni ya nani.

Shangazi Mwanaidi: Rehema kasema kweli. Na ule mkataba, ulilipiwa ushuru wa stempu, ile kodi ya hati inayolipwa serikalini?

Baba Zawadi: Stempu gani tena 🙆🏾‍♂️ Tuliandikiana kwa mwanasheria, tukapeana mikono.

Shangazi Mwanaidi: Basi mwambie wakili aliangalie hilo. Mkataba usiolipiwa ushuru unaweza kupingwa usipokelewe kama kielelezo mpaka ulipiwe pamoja na adhabu. Wakati mwingine pingamizi hilo ndilo linalochosha siku nzima.

Mama Neema: Wakili lazima? Hela yenyewe iko wapi.

Da Rehema: Siyo lazima, mtu anaweza kujitetea mwenyewe. Hata hivyo kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watoa msaada waliosajiliwa wanasaidia wasio na uwezo bure. Msaidizi wa kisheria atakuelekeza na kukuandalia mambo, ila hawezi kusimama mahakamani kukusemea.

Shangazi Mwanaidi: Kwa milioni 38 mimi ningemlipa wakili japo aandike utetezi tu. Hapo ndipo hela inafanya kazi.

Baba Zawadi: Na tarehe iliyoandikwa kwenye samansi ndiyo kesi yenyewe?

Shangazi Mwanaidi: Hiyo ni ya kutajwa. Utaitwa jina, dakika tatu, mtapangiwa tarehe nyingine. Usikasirike, lakini usikose. Baadaye kuna usuluhishi, na hapo ndipo naweka matumaini yangu. Mnakaa na msuluhishi, hakimu atakayesikiliza kesi hayumo, na mnayoongea humo hayatumiki dhidi yako baadaye. Unaweza kusema "nadaiwa, nitalipa kidogo kidogo" bila kujichongea. Mkikubaliana, makubaliano yanasajiliwa, yana nguvu kama hukumu. Muda wake ni siku 30. Na ukitegea usuluhishi, utetezi wako unaweza kufutwa, ukabaki kama hukuandika kitu.

Mjomba Hamisi: Na akishindwa, nyumba inapigwa mnada?

Shangazi Mwanaidi: Nyumba anayoishi na mke na watoto sheria inailinda isikamatwe kwenye kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, labda aliiweka rehani. Umeiweka?

Baba Zawadi: Hapana.

Shangazi Mwanaidi: Vizuri. Vyombo vya kupikia, matandiko na nguo pia haviguswi. Lile Fuso ndilo la kwanza kuangaliwa. Kufungwa kupo, mfungwa wa madai, lakini ni baada ya hukumu, unaitwa kwanza ueleze kwa nini usifungwe, na chakula chako gerezani analipia anayekudai. Watu wengi hesabu hiyo haiwapendezi. Na hukumu ikikuumiza, una siku 90 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Mama Neema: Angalau nimepumua.

Mjomba Hamisi: Mimi nilikuwepo siku giaboksi inafunguliwa gereji. Nitakaa mbele kabisa, yule mzee akidanganya tu namkatiza.

Shangazi Mwanaidi: Hamisi, kama ulikuwepo basi wewe ni shahidi. Shahidi anakaa nje mpaka aitwe, hasikilizi wenzake. Ukiingia kusikiliza, wakili wao atakupinga na tunaweza kukupoteza. Ukiitwa unaapa, unasema ulichoona kwa macho yako, unajibu maswali ya upande wa pili. Hakimu unamwita Mheshimiwa. Na hukatizi mtu.

Mjomba Hamisi: Nje? Siku nzima?

Da Rehema: Kuna mabenchi mjomba 😂

Mjomba Hamisi: Na nauli ya shahidi nani anatoa?

Baba Zawadi: Natoa mimi mjomba. Shangazi, Jumatatu saa mbili nakuja kwako na karatasi zote.

Shangazi Mwanaidi: Njoo kesho. Jumatatu utakuwa umeshakula siku.