Safari ya Kombeni: gumzo la kikundi chetu cha makafi, Tudor, Mombasa

JUMATANO

Mwanahamisi, Katibu (saa 2:14 usiku)
Assalaam alaykum, na salamu kwa nyote. Safari yetu ya kupanda mkono wa bahari wa Tudor mpaka kwenye mikoko ya Kombeni itakuwa Jumapili hii, na tutaondoka pwani saa mbili kamili asubuhi. Nimekwisha kutoa arubuni ya boti ya injini itakayotufuata, na mama wa chakula nimempa shilingi 3,000 za kuanzia. Naomba kila atakayekuja aandike jina lake, uzito wake kwa kilo, na kama anajua kuogelea. Jaketi za kuelea tutakazoazima zina vipimo, na mtoto akivalishwa jaketi kubwa humvuka kichwani pindi anapoanguka majini.

Salim (saa 2:20 usiku)
Mimi nimo, kilo 71, na ninaogelea. Ningependa kujua kama mama wa chakula ataleta viazi vya karai, kwa sababu mwaka jana nilipata kimoja tu, na hicho chenyewe kilikuwa kimekwisha kunywa maji ya chumvi.

Kassim (saa 2:22 usiku)
Salim, mwaka jana wewe ulikula vinne, nami nilikuwa nimekaa nyuma yako nikivihesabu.

Salim (saa 2:23 usiku)
Vitatu, na cha nne nilimgawia Nuru.

Nuru (saa 2:31 usiku)
Hakunigawia. Mimi nina kilo 49 na sijui kuogelea.

Mwanahamisi, Katibu (saa 3:05 usiku)
Nashukuru, Nuru, kwa kujibu ulichoulizwa. Tuko watu 34 humu na nimepata uzito wa wawili. Mwenye jaketi anataka hesabu kesho jioni.

ALHAMISI

Mwalimu Charo (saa 12:48 asubuhi)
Habari za asubuhi, Bi. Katibu. Nitakuja na wanafunzi sita, na wazazi wao wanataka barua inayosema nani atakaa na mtoto yupi katika hori ipi kati ya vyombo vyetu vidogo vya kafi. Nilikuwa nimewaahidi watoto hao kwamba wataona kwa macho yao jinsi mikoko inavyojipanga: mlilana ukisimama mbele majini, mkoko wenyewe ukifuata na mizizi yake iliyopinda kama miguu ya kaa, kisha mkandaa, na mchu kule nyuma karibu na nchi kavu. Darasani nimeichora mara tatu, lakini mchoro hauna harufu ya tope.

Mwanahamisi, Katibu (saa 1:10 asubuhi)
Barua nitaiandika leo, Mwalimu. Kila mtoto atakaa na mtu mzima mmoja anayeogelea, na ndiyo maana ninauliza habari za kuogelea tangu jana.

Kassim (saa 4:17 asubuhi)
Mimi nina kilo 80 na ninaogelea. Lakini naomba kuuliza kwa nini kila mwaka tunapanda Kombeni. Tangu tuta la Makupa liondolewe na daraja jipya lifunguliwe mwaka 2022, maji ya Tudor na ya Port Reitz yanaonana tena. Tungeweza kuwa kikundi cha kwanza kukizunguka kisiwa chote kwa kafi: tupite Makupa, tushuke Kilindini, tutokee Likoni, tupinde mbele ya ngome ya Fort Jesus na kurudi nyumbani kwa kupita chini ya daraja la Nyali.

Salim (saa 4:19 asubuhi)
Naunga mkono, maana tutapita Likoni wakati wa mihogo ya kuchoma.

Mwanahamisi, Katibu (saa 4:40 asubuhi)
Kassim, hilo si jambo la kulijadili siku tatu kabla ya safari. Kilindini zinaingia meli ambazo hori yako haziioni, na Likoni vivuko havisimami kumsubiri mtu mwenye kafi. Naomba tubaki Kombeni.

Kassim (saa 4:44 asubuhi)
Nimeuliza tu, Dada. Vijana wanachoka kurudia njia moja.

Mama Rukia (saa 7:33 mchana)
Nimekuwa nikisoma tangu jana na nimejizuia, lakini sasa nitasema. Naona barua, naona jaketi, naona viazi, ila sijaona mtu hata mmoja aliyeitaja hori yangu. Mwaka jana ilipandishwa juu ya mizizi pale mlipopwelewa, maji yakashuka na kuwaacha topeni, ikavutwa na watu watano kama gunia, ikapasuka ubavuni. Niliahidiwa kwamba ataletwa fundi, na aliyeniahidi yumo humu. Mpaka leo kilichopo ni kiraka cha bati nilichokipigilia mwenyewe, na hori ile ilikuwa ya marehemu Baba Rukia. Kwa hiyo mnapopanga hori saba, mjue zilizopo ni sita.

*(Hakuna aliyejibu kwa muda wa saa mbili.)*

Mwanahamisi, Katibu (saa 9:41 alasiri)
Mama Rukia, niwie radhi. Aliyekuahidi ni mimi. Nilimwendea fundi mara mbili akanitajia bei, nikaipeleka kwa mweka hazina, na baada ya hapo shughuli ya mashindano ikatumeza. Hilo halikutengenezei hori yako, nalijua. Zainabu, tafadhali tueleze sanduku lina kiasi gani.

Salim (saa 9:50 alasiri)
Mama Rukia, mimi nilikuwa mmoja wa wale watano waliovuta. Nakuomba msamaha, sikujua kwamba tulikuwa tunaiumiza.

Mama Rukia (saa 9:58 alasiri)
Wewe ulikuwa mtoto mwenye tope hadi shingoni, sikulaumu. Lakini nilipokuwa nimesimama pwani mpaka isha nikiwangoja, hakuna aliyenipigia simu hata mara moja.

Mwalimu Charo (saa 10:15 alasiri)
Naomba niseme kwa heshima kwamba kupwelewa kule kulitokana na saa tuliyoondoka. Hori ya Mama Rukia ililipia kosa la ratiba yetu. Je, ratiba ya Jumapili hii ameangaliwa nani mwezi?

Mwalimu Charo (saa 10:16 alasiri)
Nilikusudia kuandika: nani ameangalia mwezi?

Mwanahamisi, Katibu (saa 10:30 alasiri)
Saa mbili nimeichagua kwa sababu ya jua kali na kwa sababu mwenye boti ana kazi nyingine alasiri. Watu wakifika kwa wakati hatutapata tatizo la mwaka jana. Bado ninasubiri uzito wa watu 29.

Mjukuu wa Mzee Bwanaheri (saa 1:52 usiku)
Shikamooni nyote. Babu amesomewa gumzo lote tangu jana, ametoa maneno yafuatayo kwa sauti, nami nimeyaandika kama alivyoyasema.

«Wanangu, Jumapili ni siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo. Hiyo ni bamvu, maji makubwa ya mwezi mpevu. Maji yatajaa alfajiri, karibu saa kumi na nusu, nanyi mtakuwa mmelala. Kuanzia hapo yatapwa mpaka yakaribie saa tano za asubuhi. Saa mbili mnayoitaka ndiyo saa ambayo maji yanatoka kwa nguvu zake zote, yote yaliyoko juu yakikimbilia mlango wa bahari, nanyi mtakuwa mnayapanda, na watoto wa Mwalimu mmewachukua. Mtakaofika Kombeni mtafika kwenye tope. Siku ya bamvu maji yetu hushuka zaidi ya mita 3, na pale ulipopita na chombo asubuhi hupaoni tena. Mwaka jana nilisema, na mkaniambia kwamba boti ya injini ipo. Boti ya injini ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukwama.

«Ngojeni Jumapili ya pili yake. Itakuwa mwezi ishirini na tatu, maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Yatajaa kama saa nne na nusu asubuhi. Mkiondoka saa mbili yatawapeleka yenyewe, mtakula, na ikipita saa tano yataanza kuwarudisha. Makafi mtakuwa mkiyashika kwa adabu tu.

«Na huyo kijana wa kuzunguka kisiwa nisikieni nikimwambia. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, hapohapo Kilindini, kilipinduka karibu na ufuko, kimejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Pwani ilikuwa ikionekana kwa macho. Nilizika jamaa zangu wawili. Mkondo ule siutaki kusikia watoto wakipelekwa kwa ajili ya kujifurahisha.

«Jambo la mwisho ni hori ya marehemu. Marehemu alinifundisha kutega dema la samaki, na hori ile naijua kila msumari. Hatuwezi kushuka majini na zetu tukamwacha mjane wake amesimama pwani na kiraka cha bati. Itengenezwe kwanza.»

Kassim (saa 2:03 usiku)
Nimesikia, Mzee. Naliondoa wazo langu.

Salim (saa 2:05 usiku)
Shikamoo, Mzee. Tumesikia.

Mwanahamisi, Katibu (saa 3:26 usiku)
Shikamoo, Mzee wangu. Maneno yako nimeyasoma mara tatu kabla ya kujibu. Ninalikubali la hori bila neno. La tarehe linanipa shida, kwa sababu arubuni mbili zimekwisha kutoka na sijui kama mwenye boti atakubali kusogeza siku. Naomba niulize: kama tungeondoka Jumapili hiihii saa saba mchana, maji yakiwa yameanza kujaa, si tungepanda nayo na kurudi yanapogeuka, kama saa kumi na moja jioni?

Mjukuu wa Mzee Bwanaheri (saa 3:40 usiku)
Babu anasema: «Yatawapandisha vizuri. Lakini ni msimu wa kusi, na kutoka Kombeni kurudi Tudor upepo huo mtakuwa nao omo, unawapiga usoni. Jua likitua kabla ya saa kumi na mbili na nusu, watoto watakuwa wapi?» Amesema pia kwamba sasa anakwenda kulala.

IJUMAA

Zainabu, Mweka Hazina (saa 12:20 asubuhi)
Samahanini, nilikuwa zamu ya usiku na ndiyo kwanza nafungua simu. Sandukuni mna shilingi 11,400. Bei ya fundi iliyoletwa kwangu mwaka jana ilikuwa 9,000, na sikuitoa kwa sababu nilingoja saini ya pili ambayo haikuja. Tukimlipa fundi leo, zinabaki 2,400, nazo hazitoshi kumalizia boti wala chakula. Watu 19 hawajatoa mchango wa miezi mitatu. Sitaji majina, kila mtu anajijua.

Kassim (saa 12:41 asubuhi)
Nimetuma wangu sasa hivi.

Mwalimu Charo (saa 12:50 asubuhi)
Nami nimetuma. Kuhusu tarehe, nakubaliana na Mzee, ingawa nina huzuni moja ya kimasomo: siku za maji mafu bahari haipandi sana, kwa hiyo hatutaingia ndani mpaka kwenye mchu, tutaona mlilana na mkoko wa mbele tu. Nitawaeleza watoto kwamba maji yenyewe ndiyo yaliyotuwekea mpaka, na hilo nalo ni somo. Wazazi nitawaambia barua itachelewa.

Mwanahamisi, Katibu (saa 1:15 asubuhi)
Nimempigia mwenye boti. Amesema Jumapili ya pili huenda akawa na abiria wa harusi kutoka Mtwapa, atanijibu kesho usiku. Mama wa chakula hajapokea simu. Kwa hiyo safari ya Jumapili hii haipo kama nilivyoitangaza, na ile ya mwezi ishirini na tatu naiweka, lakini siwezi bado kusema imethibitika. Watakaopenda waje Jumapili hii saa tisa alasiri, wakati maji yanajaa, tufanye mazoezi hapahapa mbele ya pwani yetu: kupanda horini, kuanguka na kurudi, na kufua maji yaliyoingia horini kwa upo, kile chombo cha kuchotea. Nuru, wewe usikose. Hakuna atakayevuka kwenda ng’ambo.

Nuru (saa 1:30 asubuhi)
Nitakuja, Dada Mwanahamisi. Kuanguka ndiko ninakokuogopa zaidi.

Salim (saa 1:33 asubuhi)
Nitakaa karibu nawe, na kiazi nitakugawia kweli.

Mwanahamisi, Katibu (saa 6:58 mchana)
Nimetoka kwa fundi sasa hivi. Yuko tayari, lakini anasema bei ya mwaka jana haipo tena, na hawezi kutaja nyingine mpaka aitazame hori na kuling’oa lile bati. Mama Rukia, anaomba ruhusa yako aje kesho baada ya adhuhuri. Mjukuu wa Mzee, kama Babu ana nafasi, ningeomba awepo, kwa kuwa yeye anaijua. Na jaketi bado: nina majina 11 tu.

Mjukuu wa Mzee Bwanaheri (saa 7:20 mchana)
Babu amesema atakuwepo, na kwamba bati asiling’oe mtu mwingine kabla yeye hajafika.

Mama Rukia (saa 2:47 usiku)
Fundi aje. Mlango uko wazi, na chai itakuwepo kwa ajili ya Mzee. Uzito wangu ni kilo 82 na ninaogelea kuliko wote mlioandika humu. Nimeuandika ili jaketi liwepo, sijasema kwamba nitakwenda Kombeni. Nitaliangalia hilo baada ya kuona ubao.