Askofu Hannington: mwenye historia ya familia yake aje hapa

Binti_Cheyo:
Habari zenu wakuu, niko Tabora, vijana wa kanisani tumepewa kazi ya kusimulia maisha ya Askofu James Hannington tarehe 29/10, sasa kila ninachopata ni alivyouawa Busoga, mashariki mwa Uganda, 1885 basi, utadhani alizaliwa siku hiyo hiyo. Katoka familia gani? Mke, watoto je? Na kuna mzee kaniambia alishawahi kufika Uyui huku huku Tabora, kweli au ananizuga?

UjijiKwetu:
Kwao hawakuwa na njaa. Alizaliwa 1847 Hurstpierpoint, Sussex, babu yake ndo alifungua duka la Hanningtons pale Brighton 1808, duka kubwa likaja kufungwa 2001. Utotoni mtundu balaa, alichezea baruti ikamkata dole gumba la kushoto. Shule akaiacha na miaka 15 akaingia kwenye biashara ya baba, hakuipenda, baadae ndo akaenda Oxford kusomea uchungaji. Alimuoa Blanche Hankin-Turvin 1877. Akaja kuhudumu palepale kijijini kwao kwenye kanisa alilojenga baba yake, ambalo mwanzo halikuwa hata la Anglikana.

Mzee_wa_Ipuli:
Hajakuzuga mwanangu. 1882 CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana cha Uingereza, walimtuma Uganda kwa njia ya huku, mkewe na watoto wadogo kawaacha Uingereza, ila kwenye msafara alikuwemo mpwa wake, Cyril Gordon. Kufika Uyui kuhara damu kukamlaza hoi, watu wakajua hapa tunazika. Akajikongoja mpaka kusini mwa Ziwa Victoria, ikashindikana, akarudishwa akibebwa kwenye machela, 1883 yuko kwao.

Binti_Cheyo:
Shkamoo mzee! Sasa kama njia ya huku alishaijua, ile ya Busoga aliifuata ya nini?

Mzee_wa_Ipuli:
Marahaba. Ndo hapo sasa. 1884 kapewa uaskofu, akaona njia yetu ndefu, ina homa na hongo (ushuru wa kupita) kila kwa mtemi, bora akate Umasaini kutokea Mombasa maana mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alishapita. Kwa afya yupo sahihi, kwa siasa hapana. Kule Buganda kulikuwa na maneno kwamba atakayeimeza nchi atatokea mashariki, na Wajerumani ndo wameanza kujitwalia maeneo ya huku, Kabaka Mwanga akaona huyu ndo yeye. Mie naona angepita Tabora angefika.

UjijiKwetu:
Angefika au angefia Uyui mzee 😀 Binti, msimsahau William Jones, mtumwa aliyekombolewa akawa mchungaji, ndo aliachiwa sehemu kubwa ya msafara Kavirondo, magharibi mwa Kenya ya leo. Aliposubiri wee akapata habari kwamba askofu kauawa pamoja na wapagazi aliokwenda nao, akawarudisha waliobaki pwani. Mifupa ya askofu ilizikwa Namirembe, Kampala, 1892.

Binti_Cheyo:
Asanteni jamani, huyo Jones nampa mtu wake kabisa wa kumsimulia.