Programu za picha za "bure": imemfuta bibi yangu nembo usoni, halafu ikadai hela

Wakuu, salamu. Niko Mtwara mjini, Chikongola, na nimekasirika kwelikweli. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za "programu gani nzuri ya kupendezesha picha", maana mimi sikuja kuuliza, nimekuja kulalamika.

Nina bibi yangu Newala, Mmakonde wa zamani, ana nembo usoni. Kwa vijana wasiozijua: ni zile chale walizochanjwa wazee wetu, mistari ya mashavuni na kwenye paji la uso. Wenye nembo wamebaki wachache mno. Wakiondoka hawa, tutabaki na picha tu.

Sasa ndugu zetu wa Dar waliomba picha ya bibi waichape kubwa, iwekwe ukutani. Nikampiga picha uani kwake, jua la asubuhi, amejitanda kanga. Picha imetoka vizuri, ila shavu la kushoto lina giza kidogo. Nikapakua programu moja inayosifiwa kila kona, nikagusa kitufe cha kuboresha. Ikazunguka wee, ikarudisha picha.

Bibi hana nembo! Ngozi imelainishwa kama ya mtoto mchanga, rangi imepauka, pua imechongwa ikawa nyembamba, macho yamepanuliwa. Ukivuta picha karibu unaona mstari mmoja kwenye paji umekatwa nusu, na mwingine shavuni umebaki ukungu. Kanga haikuguswa hata uzi. Kilichoonekana kibovu ni uso wake. Nilipomwonesha mwenyewe akaniuliza, "Huyu nani?" Nilikosa la kumjibu.

Msiniambie ni bahati mbaya. Filta za kulainisha ngozi huchukulia kila mstari na kila doa kuwa kasoro ya kufutwa, na aliyeitengeneza ndiye aliyeamua uso mzuri uweje. Mwaka 2017 wenye FaceApp, programu ya kubadilisha sura kwenye picha, ilibidi waombe radhi hadharani baada ya filta yao ya kumfanya mtu avutie kukutwa inawapausha watu weusi. Waliomba radhi wao, lakini miaka yote hii imepita na leo bibi wa Newala bado anapaushwa ndani ya simu ya mjukuu wake, na wala hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Haya, nikafuta yote, nikaanza upya na mwanga peke yake. Nimerekebisha taratibu, kivuli kimetoka, nembo zote zipo, moyo umetulia. Nabonyeza kuhifadhi: ukurasa wa malipo! Jaribu siku 3 bure, weka kadi. Usipoweka, picha inatoka ndogo, imefifia, na chapa yao kubwa imekaa juu ya kanga ya bibi. Hapo ndipo damu ilinichemka. Kama mnauza, semeni bei mlangoni! Mtu ameshamaliza bando kupakua, ameshamaliza muda kurekebisha, ndipo unamtolea mkono. Muuza samaki wa feri akikufanyia hivyo, soko zima litamjia juu.

Na hizo siku 3, wakuu, muwe macho. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Inabidi uingie Play Store, uguse picha yako ya wasifu, uende kwenye malipo na usajili, usitishe huko. Jirani yangu aliifuta programu yake akajua yamekwisha, kumbe makato yanaendelea.

Nikahamia programu ya kushea picha, nikisema angalau ndugu wote waione ile ya asili. Kabla ya kufungua albamu ikataka namba zote za kwenye simu yangu. Namba za watu za nini, na mimi natuma picha ya bibi? Nikakataa, ikagoma kuendelea. Na kila ndugu akitaka kuona lazima aipakue na yeye. Yaani mjomba wangu wa Nachingwea, anayenunua bando la kubahatisha, apakue programu nzima kwa ajili ya picha moja! Nimeituma WhatsApp kama hati, ikafika bila kupungua ubora, kazi imekwisha.

Magemu sitayasema sana, ila hili moja siliachi. Mpwa wangu yuko darasa la nne, anacheza gemu la kupanga matunda. Kila akishindwa anaambiwa atazame video ndipo aendelee, na kila video ni bando la mama yake. Juzi nimekaa naye pembeni, likatokea tangazo la kubeti. Kubeti nchi hii ni kwa waliotimiza miaka 18, na huyu hata shule ya msingi hajamaliza! Gemu lenyewe halihitaji intaneti hata chembe. Tumezima data, anacheza vilevile, na matangazo yametoweka.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Naitaka Tume iziangalie hizi programu zinazokusanya namba za watu na sura za wazee wetu kwa masharti marefu ya Kiingereza ambayo bibi yangu hawezi kuyasoma. Masharti yawekwe kwa Kiswahili, kwa ufupi, na bei iwekwe ukurasa wa kwanza.

Kwa mwenye shida kama yangu: Snapseed ya Google haidai hela, haina matangazo, haibandiki chapa, na mwanga unarekebisha sehemu ile tu unayoigusa. Lakini kwanza hifadhi nakala ya picha ya asili mahali pengine. Msimu wa korosho ukifunguka, simu mpya zitajaa Newala na Tandahimba, na baadhi zinakuja na kamera yenye hiyo filta ya urembo imeshawashwa. Izimeni kabla hamjawapiga picha wazee.

Aliyewahi kupeleka malalamiko Tume aweke hapa utaratibu, maana mimi nakwenda nalo hadi mwisho.